Mizani ya Mwalimu Esnah na Kilo Mbili za Mfuko

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mizani inaning'inia kwenye boriti ya chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Ni mizani ya duara, ina mshale mmoja na ndoano chini, kama zile za vituo vya kununua majani chai. Esnah Bosibori anagonga kioo chake kwa ukucha, anangoja mshale utulie kwenye sufuri, kisha anafungua mlango.

Nje kuna ukungu. Shule iko mwendo mfupi kutoka soko la Merigi, Bomet Mashariki, na kote ni vilima vya chai. Watoto wanapanda kutoka bondeni, umande umewalowesha hadi magotini. Kila mmoja wa wanafunzi kumi na mmoja wa Esnah ameokota mawe njiani. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani aliyowapa jana: leta mawe ya kujaza kofia.

"Haya, karibuni kituoni," anawaambia. "Pangeni laini. Mwenye majani mabovu arudi shambani!"

Wanacheka. Wanajipanga vile wazazi wao hujipanga jioni mbele ya karani wa chai, mfuko chini, mkono mmoja umeshika shingo ya mfuko.

Hili ni somo la hesabu. Wanafunzi hawa wana umri wa kati ya miaka minane na kumi na mitatu, na wote walipimwa wakaonekana wana ugumu wa kujifunza. Yupo anayesoma hadithi bila kukwama lakini hawezi kukuambia kati ya saba na tisa ipi ni kubwa. Yupo anayehesabu hadi hamsini kama mtu anayekariri sala, ilhali ukimwomba mawe manne anakupa konzi nzima. Esnah ndiye mwalimu pekee wa shule hiyo aliyesomea elimu maalumu. Ana miaka hamsini na tisa, na anastaafu muhula huu ukiisha.

Kipchirchir, kijana anayefundisha Gredi ya Tatu na ambaye amepangiwa kushika nafasi yake, anachungulia dirishani akielekea darasani kwake.

"Madam, leo mmenunua kilo ngapi?"

"Nyingi kuliko zako, mwalimu. Wewe unapimia watu hewa kwa ubao."

"Na bonasi ya chai ni lini?"

"Ukijifunza kufunga mfuko."

Esnah hakuzaliwa Bomet. Alizaliwa Kericho, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, ambako mama yake, Moraa, alifika akiwa msichana kutoka Kisii. Nyumba zilikuwa za duara, nyeupe, zimepangwa kilimani kama vikombe kwenye sinia. King'ora kilipolia alfajiri, njia zote zilijaa vikapu na aproni za mpira. Esnah anakumbuka harufu ya majani yaliyoanza kunyauka mgongoni mwa mama, na mvua ya Kericho, ambayo anasema ilikuja kila alasiri kana kwamba nayo imeajiriwa.

"Jioni sisi watoto tulikuwa tunawangojea mama zetu pale kwa mizani," anasema. "Karani alikuwa anaitwa Oyugi. Sauti yake ilikuwa ya kwaya. Akiimba 'ishirini na nane,' wamama wanamjibu, 'Toa kikapu!' Anatoa mbili za uzito wa kikapu, anasema ishirini na sita, na hiyo sasa ndiyo ya mama. Hesabu ya kutoa niliijua hapo, kabla sijavaa yunifomu."

Hesabu ya kuzidisha aliijua jikoni. Chai njema huchumwa majani mawili na chipukizi, na Moraa alikuwa akibakiza machache mfukoni mwa aproni ili mwanawe ayachezee karibu na moto.

"Ananiwekea chipukizi moja mkononi na majani yake, hiyo ni tatu. Anaongeza ingine, sita. Nikifika kumi nina thelathini. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hiyo inaitwa jedwali la tatu."

Leo sehemu kubwa ya shamba lile huvunwa kwa mashine. Mwezi wa Aprili, Esnah alipita huko akienda mazishini, akakuta mlango wa nyumba yao umepigiliwa mbao na mahali pa kupimia pameota nyasi.

"Nilisimama tu. Nilikuwa natafuta ile kelele ya watoto. Hapo zamani ilikuwa inakufikia kabla hujaona nyumba. Hakuna. Sikulia, lakini sikuondoka haraka."

Mashine hukata jani popote inapolikuta, kwa hiyo ni vigumu kupata humo majani mawili na chipukizi yakiwa bado yameshikana. Ndiyo maana Esnah ana vichaka vichache vya chai nyuma ya nyumba yake ya kupanga. Kila asubuhi ya jedwali la tatu huchuma konzi moja na kuipeleka shuleni imefungwa kwenye leso.

Mawe na majani hayo vimemsaidia kwa watoto wengi. Lakini aliyemrudisha hadi kwenye mizani ya Oyugi ni msichana mmoja anayeitwa Winny.

Winny ana miaka kumi na mmoja. Anaishi na nyanya yake, Taprandich, ambaye yeye humwita Gogo, kwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili. Mama yake anauza chakula Mulot, kando ya barabara ya Narok, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwaka jana Winny aliletwa kwa Esnah baada ya kurudia Gredi ya Tatu. Hesabu ya kujumlisha ilikuwa imemshinda kabisa. Nane na sita, aliandika kumi na mbili. Tano na nne, aliandika saba.

"Nilimfundisha kwa vidole, kwa vijiti, hata kwa wimbo," anasema Kipchirchir. "Majibu yakawa yale yale. Nikasema labda huyu namba haziingii."

Katika wiki ya pili Esnah alimnyang'anya penseli, akampa mawe. Winny alihesabu manane. Akahesabu sita. Akayachanganya, akayahesabu yote kwa sauti hadi kumi na manne, bila kukosea. Kisha akaokota mawili, akayasogeza pembeni, akakunja mikono.

"Ngapi, Winny?"

"Kumi na mbili."

"Na hayo mawili?"

"Ya mfuko."

"Mfuko gani?"

Winny alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. "Madam, si lazima utoe mfuko?"

Esnah anasema hapo ndipo alipomsikia tena Oyugi.

Kila jioni Winny huandamana na nyanya yake hadi kituo cha kununua chai. Hapo karani hutoa kilo mbili katika kila mzigo, kwa ajili ya uzito wa mfuko na umande ulioshika majani. Watu huziita zote mbili mfuko, basi. Taprandich haoni mshale vizuri, kwa hiyo alimfundisha mjukuu wake kanuni moja tangu akiwa mdogo: vitu vikishawekwa pamoja, toa mbili, kinachobaki ndicho chetu. Winny aliishika kanuni hiyo akaingia nayo darasani.

"Watoto kama hawa wakishika kitu, wanakishika kweli," anasema Esnah. "Shida ni kujua kinaishia wapi. Huyu alikuwa anafanya hesabu mbili, moja baada ya ingine, na zote sawa. Sisi tulikuwa tunasahihisha moja."

Hakumkataza. Kumwambia Winny kwamba mfuko hauna kazi, anasema, kungekuwa kumwambia kwamba nyanya yake ni mwongo. Badala yake aliomba mizani kuukuu kwa kamati ya kituo kilichofungwa, akaipaka mafuta, akaitundika boritini. Tangu hapo hesabu za chumba chake zikawa za aina mbili, za ndani ya mfuko na za mkekani. Za mfuko hutolewa mbili, kama kituoni. Za mkekani haziguswi.

Kwanza watoto walipima mawe kwa mikono yao. Kisha Esnah akawa anachora namba ubaoni, nyingine zimezungushiwa mfuko, nyingine ziko wazi. Mwisho zikabaki namba peke yake. Kila hatua ilichukua wiki nyingi, na wapo ambao bado wako kwenye mawe. "Hapa hakuna dawa," anasema. "Kuna kurudia."

Taprandich mwanzoni hakupendezwa. "Mimi nilisema, mkimwondolea mfuko huko shule, huku kwa kituo nani ataniangalilia mshale?" anasema, kisha anacheka hadi kitambaa kinamtoka kichwani. "Siku hizi anauliza kwanza. Juzi nimemwambia alete viazi sita na ingine nne, ananiuliza, 'Gogo, hiyo ni ya kituo ama ni ya sufuria?'"

Kicheko cha namna hiyo kilikuwa kimekatika mwezi wa Septemba. Shule iliarifiwa kwamba afisa wa tathmini angekuja kuamua kama Winny aendelee hapo au apelekwe shule ya bweni ya elimu maalumu katika kaunti nyingine. Esnah hana ugomvi na shule za bweni. Watoto wawili aliwapeleka huko yeye mwenyewe, na anasema walihitaji. Winny, kwa maoni yake, hakuhitaji. Lakini kustaafu kwake kulikuwa kumeongeza uzito upande wa pili, kwa sababu chumba kingebaki bila mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

"Akienda huko nitamwona likizo tu," alisema Taprandich wakati huo. "Sasa mimi niko na likizo ngapi zimebaki?"

Afisa huyo, Sally, alifika Jumatano moja ya Oktoba. Alimruhusu Esnah kukaa chumbani kwa sharti moja: asiseme neno wala asitoe ishara. Esnah aliketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, kando ya kikapu cha chai anachowekea mawe ya ziada.

Kikapu hicho ni cha Moraa. Siku yake ya mwisho shambani, Oyugi aliimba kilo zake zote na hakutoa kitu. Wanawake waliokuwa kwenye laini walimpigia kelele, toa kikapu, toa kikapu, wakidhani amesahau. "Leo kikapu ni chake," Oyugi aliwajibu. Moraa alirudi nacho nyumbani kichwani, kikiwa kitupu, akiwa amevaa bado aproni. Amekwisha kufariki, lakini kikapu hakijatoboka.

Sally alimpa Winny karatasi. Maswali ya picha yalipita. Ya kuhesabu yalipita. Likaja la kumi na nne kujumlisha tisa. Winny alishika penseli, asiandike. Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati. Kutoka darasa la jirani ilisikika sauti ya Kipchirchir akiwaongoza watoto kuimba.

Winny akainua kichwa. "Ziko kwa mfuko?"

Sally alitazama karatasi, kisha akamtazama Esnah. Esnah alitazama sakafu.

"Nini ziko kwa mfuko?" Sally aliuliza.

"Hizo kumi na nne na hizo tisa. Ziko kwa mfuko ama ziko tu hivi?"

Sally aliweka kalamu mezani. "Ziko tu hivi."

Winny aliandika 23.

Yaliyobaki kwenye ukurasa aliyafanya bila kuuliza, akakosa moja. Sally alipokuwa akikusanya karatasi zake, aliuliza swali ambalo halikuwa limeandikwa popote. "Na zile za kwanza, kama zingekuwa kwa mfuko?"

"Ishirini na moja," alisema Winny. "Lakini hiyo ni ya jioni, na Gogo."

Uamuzi ulifika Jumatatu iliyofuata kwa njia ya simu. Winny atabaki, na atapimwa tena baada ya mwaka, mradi chumba cha Esnah kiendelee kuwa na mwalimu. Kipchirchir amekubaliwa kuanza mafunzo ya elimu maalumu ya wakati wa likizo, kuanzia Desemba.

Esnah atahamia Kisii, kwenye shamba la mume wake. Kabla ya kuondoka ana kazi moja. Ameotesha miche ya chai kutoka kwenye vichaka vya nyuma ya nyumba yake, na anataka kuipanda kando ya ua wa shule. "Si ya kuuza," anasema. "Ni ya kuhesabu. Mwalimu akitaka tatu, asiende mbali." Mizani na kikapu vitabaki chumbani.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Kipchirchir alifundisha somo la mizani kwa mara ya kwanza. Esnah alikuwa nyuma, kwenye kile kiti kidogo. Kipchirchir alitundika mfuko wa mawe kwenye ndoano, akangoja mshale utulie, akasoma kwa sauti kubwa, "Kumi na mbili!" na kugeukia ubao kuandika.

Watoto walitazamana. Esnah alifunika mdomo kwa mkono.

Winny alisimama. "Mwalimu, na mfuko?"

Kipchirchir alifuta kumi na mbili, akaandika kumi.