Tulivyolaza na Kuamsha Dalia Makadara

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu magunia mawili ya viazi vya dalia, na niliyaharibu kwa bidii. Naanzia hapo kwa sababu wajukuu zangu wanadhani bibi yao alizaliwa akijua.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Kitalu chetu cha maua kilikuwa Makadara, hatua chache kutoka Barabara ya Jogoo, kipande kirefu cha udongo mweusi. Mvua ikinyesha unanata kwenye buti, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mimi nilikuwa mama wa watoto wanne, nimesoma hadi darasa la tatu, nimetoka Maragoli kumfuata mume aliyefanya kazi viwandani. Nyapara wetu, Mzee Shee, Mswahili wa Majengo ambaye kofia yake ilibaki nyeupe hata katikati ya matope, alinionyesha tuta na kunipa jembe. "Chimba viazi, visafishe, vitie guniani," akasema, akaenda zake.

Dalia juu ni ua la kifahari, jekundu au la zambarau, kubwa kama sahani. Chini ni fungu la viazi virefu, na ukiviona utaapa ni viazi vitamu. Na viazi vitamu mimi ndivyo nilivyokulia. Kwetu kiazi hakipandwi. Tunapanda marando, yaani vikonyo vya mmea wake, kiazi ni cha kula. Ukikichimba unakivunja shingo, unakipangusa, unakipanga. Basi nikavunja, nikapangusa, nikapanga. Kufika saa nane nilikuwa na magunia mawili safi ya kupeleka sokoni, nami nasubiri kusifiwa.

Mzee Shee akaingiza mkono guniani. Akatoa kiazi, akakigeuza. Akatoa cha pili. Akakaa juu ya ndoo.

"Mama, shingo ziko wapi?"

"Nimezivunja, Mzee. Si ni takataka?"

"Na jicho la kiazi?"

"Hiki nacho kina jicho?"

"Kilikuwa nalo! Lilikuwa hapo shingoni. Subhanallah, umenijazia magunia mawili ya vipofu!"

Wanjiku, kibarua mwenzangu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Si ukapike basi, mama! Watoto wale maua!"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza somo la kwanza. Waru, yaani kiazi cha kizungu, ina macho mwili mzima, unaikata popote na itaota. Kiazi cha dalia kina jicho mahali pamoja tu, pale shingo inapoungana na shina la zamani. Ukikivunja shingo, kitakaa ardhini kinene na kizima, na hakitaota mpaka dunia iishe. Kwa hiyo fungu halivunjwi. Linakatwa kwa kisu, kila kiazi kinaondoka na kipande cha shina lake, na kidonda kinapakwa majivu.

Hakunifukuza. Alisema mtu anayeweza kuharibu kwa usafi kiasi kile anafundishika. Lakini nilibaki kibarua, na nyinyi vijana hamjui maana ya neno hilo. Kibarua anasimama getini kila asubuhi, nyapara anaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe, wengine mrudi nyumbani. Nilisimama getini hapo miaka kumi. Nilichokitaka ni barua ya kazi ya kudumu, karatasi moja tu, ili nilale nikijua kesho nina kazi. Sikuwa mtu wa kutulia tangu utotoni, lakini lile geti liliniongezea wasiwasi juu ya wasiwasi. Hata nikiwa ndani nilifanya kazi kama mtu anayesikia anaitwa.

Mwenye kitalu alikuwa na shamba jingine Limuru. Nikapelekwa huko misimu miwili. Msimamizi wa Limuru alikuwa mama mkali aliyevaa koti mwaka mzima, na aliniona ninavyohangaika. Nilikuwa nafukuafukua udongo kila siku kutazama kama viazi vingali hai. "Wewe unachakura kama kuku," akaniambia. "Na wewe ungekuwa kiazi, ungelala hivyo?"

Asubuhi moja tukakuta jalidi, yaani umande ulioganda, nyasi zote nyeupe. Jua lilipopanda, dalia zote zilikuwa nyeusi, zimelegea kama zimemwagiwa maji ya moto. Nikakimbilia jembe nizing'oe.

"Weka chini hilo jembe!" akapiga kelele yule mama. "Kilichokufa ni nguo. Mwenyewe yuko chini."

Tukakata mashina, tukaacha kiasi cha kiganja, tukarundikia udongo na juu yake nyasi kavu. Udongo wa Limuru ni mwekundu, haushiki maji. Viazi vililala humo humo shambani na joto liliporudi vikachipuka vyenyewe, bila kuguswa.

Nikarudi Makadara nikijiona fundi. Nikaacha tuta moja ardhini, nikalifunika vizuri kama Limuru. Udongo wetu mweusi ulikuwa umekunywa mvua ya masika yote na bado umekaa nayo. Nilipochimba, viazi vilikuwa vimegeuka uji unaonuka. Mzee Shee hakunigombeza, alishika pua tu. Tangu hapo nilijua: Limuru adui wa dalia anatoka juu, Makadara anatoka chini. Ua ni lile lile, kazi ni mbili tofauti.

Makadara tulifanya hivi. Mwezi wa sita, mawingu ya baridi yakishatanda, tunakata mashina na kung'oa mafungu. Tunayaanika kivulini kichwa chini, kwa sababu shina la dalia lina uwazi kama bomba na maji yakibaki ndani shingo inaoza. Kisha tunayalaza kwenye sanduku lenye unga wa mbao mkavu. Kila wiki unafungua, unaondoa kilichooza, na kilichoanza kunywea unakinyunyizia maji kidogo sana. Hapo ile tabia yangu ya kuchakura ikapata kazi. Nilijua kila sanduku kwa vidole. Mwezi wa nane hivi macho yanavimba, madogo na ya waridi kama chunusi. Hapo dalia imeamka, na aliyeamka hasubiri. Unaipanda kwenye tuta refu ili mvua za vuli ziikute imeshika mizizi.

Mzee Shee akastaafu. Akaja Meneja mpya, kijana wa Kikenya aliyesomea kilimo ng'ambo, tai shingoni, kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia kila asubuhi kwa majina. Lakini huko alikosoma kuna theluji, na dalia za huko hulazwa miezi mitano. Tulipomaliza kulaza viazi akatangaza masanduku yasiguswe mpaka mwezi wa kumi na moja. Stoo ilikuwa ya mabati, na joto la mabati ya Makadara mnalijua.

Mwezi wa nane nikamfuata ofisini.

"Bwana Meneja, dalia zimeamka."

"Mama, nimesomea maua miaka minne."

"Na mimi nimeyachimba kumi. Njoo uguse."

"Kiazi cha dalia hulala miezi mitano. Imeandikwa."

"Huko kuna baridi ya kukilaza. Hapa kinalazwa na nani?"

Akaweka kalamu mezani. "Mama, nimeombwa nipendekeze jina la kibarua mmoja aajiriwe kwa kudumu. Nilikuwa nafikiria lako. Ukigusa masanduku yale, usije getini tena."

Siku tatu nilizunguka ile stoo. Nilipalilia pasipo na magugu. Nyumbani niliunguza ugali mara mbili, mume wangu akauliza kama kuna mtu amekufa. Siku ya nne nikafungua sanduku moja: vichipukizi vilikuwa vimefika urefu wa kidole, vyeupe, vinatafuta mwanga kwenye tundu la bati. Nikashindwa kuvumilia. Adhuhuri, Meneja alipokwenda mjini, nikatoa masanduku sita na kuyapanda nyuma ya banda la mbolea. Wanjiku alinishikia ndoo huku akisema, "Mimi sijaona, mimi ni kipofu kama vile viazi vyako."

Masanduku yalikuwa kumi na mawili. Watu wakisimulia habari hii husema nilikuwa jasiri. Uongo. Jasiri angepanda yote. Mimi niliacha sita ili nikikamatwa nipate la kujitetea, na nilijua kabisa ninaviacha viazi vyake vife.

Mwezi wa kumi na moja Meneja akafungua stoo mwenyewe. Viazi vilikuwa vimejikunja kama mihogo ya kukaushwa juani, vichipukizi vimekauka. Akahesabu masanduku. Yalikuwa sita. Akanitazama, nami nikatembea mbele, yeye nyuma, mpaka nyuma ya banda. Dalia zilikuwa zimechanua, nyekundu tupu, nyingine zinafika kifuani. Akapita katikati yake, buti zake zikizama.

"Kwa nini sita tu?" akauliza.

"Nilikuogopa, Bwana."

Jioni karani akaniita, akanipa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo kwa kukaidi amri ya mkuu wa kazi. Ya pili ilikuwa barua ya kuajiriwa kwa kudumu. Tarehe moja, sahihi moja. Nilizisoma polepole, herufi kwa herufi, kisha nikazisoma tena nikidhani nimekosea. Kesho yake Meneja alinisalimia kwa jina kama kawaida, na kuanzia mwaka ule dalia ziliamka mwezi wa nane.

Nilistaafu kuelekea mwisho wa miaka ya themanini. Sasa naishi kwa binti yangu Kariobangi, ghorofa ya tatu, ardhi yangu ni madebe manne barazani, na bado sijui kukaa kitako. Naulizwa kama naikumbuka ile kazi. Ninachokumbuka zaidi ni yale masanduku sita niliyoyaacha.

Siku ya kuagwa kulikuwa na chai na mandazi. Meneja alikuwa ameshahamishwa, na aliyeshika nafasi yake alifungua faili langu, akaisoma kwa sauti ile barua ya kuajiriwa. Watu wakapiga makofi. Akafunga faili, akaniambia, "Kaa sasa, mama, upumzike."

"Kuna barua nyingine humo, ya tarehe hiyo hiyo," nikamwambia. "Isome na hiyo."

Akacheka, akidhani natania. Nilibaki nimesimama mpaka alipoisoma.