Mayai Viza kwenye Kasha la Njiwa

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mwaka ule wa vita yalipungua zaidi. Mwanawe wa pekee, ambaye ndiye mume wangu, alikuwa ameondoka na wenzake wa mgambo kwa lori kuelekea mpakani. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Tukabaki wawili katika kijiji cha ujamaa pale Mabawe, yeye kwenye nyumba yake, mimi kwenye yangu, ua mmoja. Na kwa desturi, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutakiwa hata kutazamana usoni.

Lugha nayo haikutusaidia. Nilitoka Bisibo, upande wa Biharamulo. Kihangaza, lugha ya pale, nilikisema kwa kubahatisha, na Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni. Asubuhi nilipiga goti, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama." Basi, hadi jioni.

Kilichomfanya azungumze ni njiwa. Mzee na watu wake walipohamishwa kutoka kilima chao cha zamani kuletwa hapa kijijini, alikuwa amebeba njiwa wake kwenye tenga. Alipowafungulia tu, wote wakaruka, wakarudi kwenye nyumba ya zamani iliyokwisha kuezuliwa. Aliwafuata mara mbili, wakamshinda. Ndipo mume wangu akamnunulia jozi nyingine, akapigilia kasha la mbao chini ya upenu wa jiko langu. Wiki chache baada ya lori kuondoka, jike akataga mayai mawili.

"Watakaozaliwa hapa," baba mkwe aliniambia, akitazama pembeni, "hawatakuwa na mahali pengine pa kurudi."

Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo kwa mpigo.

Wiki mbili zikapita, ikaja ya tatu, kisha ya nne. Jike na dume walipokezana kuatamia, lakini kinda hakuna. Nilikulia penye kuku na njiwa, nikajua mayai yamekuwa viza. Ila nani angemwambia mzee? Kila jioni, kabla ya kwenda kusikiliza redio kwa balozi wa nyumba kumi, alisimama kwanza chini ya kasha, akatega sikio.

Siku moja jike aliposhuka kunywa maji, amekonda, manyoya yamemtimka, akayumba kama mlevi. Nikajipa moyo.

"Baba, yale mayai hayataanguliwa. Tukiyaacha, jike atakufa humo humo."

Aligeuka akaondoka, nikadhani nimemkosea. Kisha akaleta ngazi, akapanda mwenyewe, mimi nikaishikilia. Yai la kwanza alinishushia salama. La pili likampasukia kiganjani. Harufu ile! Nilijifunika pua kwa khanga, naye akabaki juu, mkono kaunyoosha mbali, uso kaukunja kama mtoto aliyenyweshwa dawa chungu.

"Kosa ni langu," akasema akiwa bado ngazini. "Kila asubuhi, ukienda kisimani, nafungua kutazama. Jike anaruka, mayai yanapoa."

Niliona si haki kumwachia kosa lote peke yake. "Hata mimi, baba. Ukienda kwa balozi, nafungua."

Akanitazama. Usoni kabisa. Halafu akaanza kucheka, ngazi ikatikisika, nami nikacheka hadi nikatoa machozi, na kucheka kulipokwisha machozi hayakukoma.

"Atarudi," alisema akishuka. Hakutaja jina.

Mayai tuliyafukia nyuma ya jiko. Kasha tukalikwangua, tukalinyunyizia majivu ya kuua utitiri, nikatandika nyasi kavu. Kwa siku tatu wale njiwa walizunguka juu ya paa, wakiingia na kutoka, wakitafuta. Baba mkwe aliwamwagia mtama aliokuwa ameweka wa mbegu. Ngazi tukamwazima jirani makusudi, isiwepo ya kututia majaribuni.

Jike alitaga tena. Safari hii tulijizuia, na haikuwa rahisi. Asubuhi moja nikifagia, nikaokota nusu ya ganda chini ya kasha. Nilikimbia nalo hadi mlangoni kwa mzee, nikasahau hata kupiga goti. Alilichungulia ndani, likiwa safi na kavu, akalitia kwenye mfuko wa shati. Jumapili alikwenda nalo kanisani. Makinda wote wawili walipona, wakaota manyoya, wakazoea paa letu.

Mume wangu alirudi wakati wa kuvuna, amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Alitukuta mimi na baba yake tumekaa mkeka mmoja tukipukuchua mahindi na kubishana habari za redioni, mimi nikimfafanulia Kiswahili kigumu, naye akinisahihisha Kihangaza. Akasimama uani, mzigo begani, hajui aanze kumsalimu nani. Baba mkwe aliinuka ghafla, ungo ukapinduka, mahindi yakamwagika ua mzima. Hakuna aliyeyazoa hadi kesho yake.