Chumba cha Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja Chacha, mume wangu, alirudi nyumbani na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, akakaa mlangoni bila kunawa, akasema Krismasi ya mwaka huo hatutaila Kerende. Tutaila melini. Nilicheka. Miaka ile ya rashi ya dhahabu, watu wakimiminika kuchimba, kila mwanaume wa Kerende alikuwa na ndoto yake, na ambaye hajapata kitu aliota zaidi kuliko aliyepata.

Lakini Chacha alikuwa amepata kweli. Duara lake, yaani lile shimo walilokuwa wakichimba yeye na wenzake waliotoka Singida na Kigoma, lilikuwa limetema dhahabu. Na huko Musoma kulikuwa na mfanyabiashara aliyekodi meli kwa ajili ya sikukuu. Ingezunguka ziwa, ipite Ukerewe, isimame Mwanza na Bukoba, kisha irudi Musoma baada ya mwaka mpya. Abiria hawakuwa na mzigo wa samaki wala ndizi. Walikuwa wanakwenda kutembea tu, kula na kusikiliza muziki, wakiangalia maji.

Tulia, mwanangu, usimkimbize bibi yako. Jambo hili bado linanichoma, na nimechoka kulisikia likisimuliwa nusu.

Chacha alitaka twende watatu: yeye, mimi Bhoke na baba yake. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Baba mkwe, ambaye jina lake sitalitaja hata leo kwa sababu mkwe hatajwi jina, alikuwa mtu wa ng'ombe. Alipokuwa kijana aliwahi kupeleka ng'ombe mnadani Musoma, akaiona meli kutoka ufukweni, ikilia na kuondoka. Habari ya meli ile aliisimulia maisha yake yote. Wajukuu walikuwa wanajua mahali pa kucheka kabla hajafika. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema mzee yule aliikataa meli kwa ushamba, waambie ni waongo. Aliitaka kuliko sisi wote.

Ila kulikuwa na jambo moja. Kwetu Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawalali chumba kimoja, na hata nyumba ya mwanawe mzee haingii. Nikimwona anakuja njiani, napisha pembeni na kuangalia kando. Msidhani tulikuwa tunachukiana. Ile ndiyo ilikuwa namna yetu ya kupendana, na kila mmoja alijua mahali pake.

Baba mkwe hakutaka kujiamulia mwenyewe. Aliwaita wazee wa rika lake, wakakaa langoni kwa zizi na pombe ya mtama, wakaijadili meli ya watu kwa uzito wa kesi ya mpaka wa shamba. Je, meli ni nyumba moja? Kama ni nyumba moja, mzee hawezi kulala humo na mke wa mwanawe. Mmoja wao alikuwa amefanya ukuli bandarini Musoma ujanani. Akawaambia kwamba ndani ya meli kuna njia ndefu, na milango huku na huku, kila mlango na chumba chake na kitasa chake. Wakazungumza weee, mwisho wakakubaliana: meli si nyumba, ni mji wenye nyumba nyingi. Mzee aende, mradi mlango wake uwe wake.

Chacha aliitwa, akaulizwa mbele ya wote.

"Vyumba viwili, tata," alimwambia baba yake. "Chako peke yako, chetu peke yetu. Nimeshavilipia."

Baba mkwe alicheka, akamuuliza, "Sasa mura, kijana wangu, mnalipa kwenda mahali mpate kurudi mlipotoka?" Wazee wote wakacheka naye. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Nilifurahi sana siku ile, na furaha ile ndiyo inayoniuma zaidi nikikumbuka.

Tulipanda lori la mawe mpaka Tarime. Pale tulipitia kwa fundi mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akishona makoti mazuri kuliko wote mjini. Alikuwa amemshonea baba mkwe koti la rangi ya kahawa. Fundi akamwambia, "Shikamoo mzee, nyosha mikono nione," na mzee akainyosha kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Mimi nilisimama nje, nikaona kupitia dirisha. Kwenye basi la Musoma yeye alikaa mbele karibu na dereva, mimi nikakaa nyuma kabisa na kikapu cha chakula. Hakuna aliyetupanga. Mtu akitaka kutunza heshima, hata kwenye basi lililojaa nafasi inapatikana.

Bandarini kulikuwa na watu wengi, matarumbeta, na watoto wamevalishwa nguo za sikukuu ambazo jua lilikuwa linaziunguza. Meli ilikuwa nyeupe. Baba mkwe alipanda ngazi polepole, akishika chuma cha pembeni, na alipofika juu aligonga sakafu kwa fimbo yake, akasikiliza, akagonga tena. Nilimwona anatabasamu peke yake.

Mhudumu wa meli alitutangulia kwenye njia nyembamba ya ndani. Ilikuwa kama mzee yule kuli alivyoeleza, milango huku na huku. Mhudumu mbele, baba mkwe, Chacha, halafu mimi nyuma kabisa na khanga kichwani. Mhudumu akafungua mlango mmoja. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya juu na chini, ukutani huku na ukutani kule.

"Karibuni," akasema. "Mko wote watatu humu."

Baba mkwe hakuingia. "Na changu kiko wapi?"

Chacha alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuhitaji kujibu, kwa sababu mlango wa jirani ulifunguliwa, akatoka bwana mmoja kavaa fulana, taulo begani. Nilimjua. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa Mwanza, aliyekuwa akija Kerende na mizani yake.

"Chacha, ndugu yangu," akasema kwa furaha, "ahsante sana kwa chumba. Meli yote imejaa, ningelala wapi mimi?"

Mwanangu, sikujua. Nakuapia sikujua mpaka dakika ile.

Chacha alianza kuongea Kikurya, haraka haraka, ili yule bwana asielewe. "Tata, huyu ndiye anayenunua mawe yetu. Aliniomba juzi, ningemkataliaje? Ni siku chache tu. Bhoke atalala chini kule, wewe juu huku. Tutatundika shuka katikati."

"Shuka," alisema baba mkwe.

"Tata, tuko ziwani. Nani atatuona?"

"Mimi nitajiona."

Yule mnunuzi, bila kujua anachokigusa, akampiga mzee begani, akamwambia, "Ingia mzee wangu, melini wote ni ndugu." Baadhi ya abiria waliokuwa wakipita na mizigo wakacheka. Na Chacha naye akacheka. Alicheka ili aonekane mtu wa mjini mbele ya mnunuzi wake. Nilimsikia mume wangu akimcheka baba yake, na toka siku ile sikumpenda tena kama zamani. Nasema wazi, maana ndivyo ilivyokuwa.

Baba mkwe akageuka arudi. Sasa fikiria njia ile ilivyokuwa nyembamba, na mimi nimesimama katikati yake. Njiani Kerende ningeingia majanini apite. Pale pa kuingia hapakuwepo. Nikageuka, nikabana uso wangu kwenye ukuta wa bati, nikafumba macho. Alijitahidi kupita bila kunigusa lakini haikuwezekana. Koti lake likanigusa mgongoni. Alipokuwa akipita akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu." Kisha nikasikia fimbo yake ikishuka ngazi.

Nilimwambia Chacha nataka kushuka pia. Akanishika mkono, akasema, "Ukishuka na wewe, nitawaambia nini watu?" Ngazi ikavutwa.

Nilipanda juu nikamtafuta. Alikuwa amesimama pale bandarini na koti lake jipya, anaiangalia meli toka mbele mpaka nyuma, kama mtu anavyomwangalia mnadani fahali mzuri ambaye ameshauzwa kwa mwingine. Aliiangalia mpaka sikumwona tena. Abiria walikula nyama na kucheza muziki siku zote za safari ile. Mimi wali wao niliuacha mezani.

Baba mkwe alirudi nyumbani salama, kwa kuulizauliza njia. Hakumweleza mtu yeyote chochote. Lakini tuliporudi nilikuta maneno yameshafika, sijui yalipita njia gani. Walisema mke wa Chacha alimfungia baba mkwe mlango. Walisema nilitaka nifaidi meli na mume wangu peke yetu, nikamshusha mzee mbele ya watu. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Baba yangu kule Nyansurura alimtuma kaka yangu aje kuuliza kama ni kweli, kwa sababu kama ni kweli, aibu ilikuwa yake, na ng'ombe wa mahari yangu wangeanza kuhesabiwa upya ili warudishwe. Kaka aliuliza hayo mbele ya Chacha. Na Chacha alimmiminia kaka yangu chai, akajimiminia na yake, akanywa. Neno moja tu la kweli lingetosha. Alilibana mdomoni.

Wazee wakaitwa kwa baba mkwe. Sisi wanawake tulikaa nje, karibu na ghala. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu, nikijua naweza kurudishwa kwetu. Mzee mmoja akaanza kunisema, akisema wasichana wa siku hizi dhahabu imewatoa akili. Baba mkwe akamkatiza.

"Mke wa mwanangu asitajwe hapa," alisema. "Yeye aligeuza uso ukutani kwa heshima yangu, mahali ambapo hapakuwa na pa kupishia. Aliyemweka pale, na mimi akaniweka pale, ni huyu."

Kisha akamgeukia Chacha.

"Mura, ulitaka mimi nilione ziwa, au ulitaka watu wakuone wewe ukinionyesha ziwa?"

Mzee hakungoja jibu.

"Chumba changu ulimpa mtu wa dhahabu. Sawa. Siku nikifa, mwite yeye akae mahali pangu. Na mkeo amesemwa mwezi mzima kwa kosa lako, na wewe umekaa unakunywa chai. Mimi kunishusha melini naweza kusahau. Hilo la pili siwezi."

Hakupiga kelele. Alisimama akaenda kuangalia ng'ombe wake. Kaka yangu alirudi Nyansurura na habari njema, nami nikafungua nguo zangu. Nilibaki kwa sababu ya mzee yule, si kwa sababu ya mume.

Mwaka uliofuata Chacha alilipia vyumba viwili kweli, akamtuma mtu akamwambie baba. Baba mkwe akajibu, "Mwambieni nimeshapanda." Hakupanda tena. Masika yaliyofuata alifariki bila kuliona ziwa kutoka katikati, yeye aliyeliongelea tangu ujana wake. Duara likajaa maji, yule mnunuzi akahamia kwingine, na Chacha akafuata rashi za watu huko Geita mpaka kifua kikamshinda. Nilimuuguza mimi. Siku moja akaniuliza, "Bhoke, tata alipokupita pale, alikuambia nini?" Nilikuwa sijawahi kumwambia. Nikamwambia: alisema pole. Chacha akalia. Nilimfuta machozi kwa sababu alikuwa mgonjwa, lakini moyoni sikuwa na la kumpa.

Sasa nyinyi mna kazi, mna simu, mnaona meli kubwa kama mtaa mzima na mnataka kuwapeleka wazee wenu. Wapelekeni. Sikukatazi, mwanangu, na usidhani bibi anasema starehe ni dhambi. Ila kabla hujalipa nauli, keti na mzee wako umuulize: utalala wapi, utakula na nani, nani hutaki kukutana naye mlangoni? Akikujibu, ulishike jibu lake hata tajiri wako akikupigia magoti. Zawadi inayomvua mzee heshima yake mbele ya watu umejipa mwenyewe, yeye hukumpa kitu. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo kwamba ni wewe. Usimwachie mkeo, wala mumeo, wala mtu yeyote asiye na sauti abebe aibu yako huku unakunywa chai. Mzee anaweza kukusamehe aliloumizwa yeye. Ulilomfanyia mnyonge wa nyumba yako hatakusamehe, na mimi nimelijua hilo kwa kulala nalo miaka mingi.

Mungu akupe uwezo wa kuwatembeza wazazi wako wakiwa bado na macho ya kuona. Akupe mdomo mwepesi wa kusema ukweli na mkono mzito wa kutoa kilicho cha mwingine. Usafiri salama, na kila mlango utakaomfungulia mzee wako, aingie mwenyewe, kwa miguu yake, akicheka.