Kizibo cha Sufuria ya Bwawani

Vijana wa siku hizi wakiniona na mkongojo wangu hudhani sikuwahi kuwa lolote. Waache wadhani. Mimi niliitoboa mashua nzima isiyovuja, nikaifanya bora kuliko ilivyotoka huko Ulaya kiwandani, na kama kusema hivyo ni kujivuna, basi najivuna.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye mgodi wa almasi upande wa Songwa. Nilikuwa nimesukuma toroli za mchanga miaka mitatu juani, mpaka viganja vikawa kama kwato, ndipo nikapata nafasi katika karakana ya malori. Mgodi ulikuwa na bwawa, na katikati ya bwawa palikuwa na bomba la pampu lenye chujio. Magugu yakiziba chujio, maji hayaji na mashine za kuoshea mchanga zinasimama. Kwa sababu hiyo paliletwa mashua ndogo ya alumini, sisi tukaiita sufuria, na akaajiriwa mzee mmoja Mzinza, mtu wa ziwani, aipige makasia na kusafisha chujio. Sisi Wasukuma wa Shinyanga tunajua ng'ombe. Maji mengi hatuna habari nayo.

Shida ilikuwa mvua. Masika ilijaza ile sufuria kila siku, na mzee akawa anamaliza asubuhi nzima akikomba maji kwa kopo. Akichoka aliita watu wanne waipindue, nao waliiburuta na kuibonyeza kama gunia la pamba. Bwana mkubwa wa karakana, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuamrisha tu, akaniita.

"Wewe weka kizibo. Toboa nyuma, chini, maji toka. Mzee panda, mzuri. Mzee kataa, wewe rudi toroli."

Alinipa hadi Jumamosi. Nilitoka pale nimevimba kwa furaha, kwa kuwa hakumwita fundi mwingine yeyote. Mafundi wenzangu wengine walikuwa na miaka kumi pale.

Nilichukua pistoni mbovu ya lori, nikaivunja, nikaiyeyusha kwa makaa na kuimimina kwenye umbo la kizibo na kitako chake, nililochimba katika mchanga mbichi. Ilipopoa nikaitia tindo na tupa. Nikachonga meno ya skrubu, nikatoboa mashua nyuma pale maji yanapotulia ikivutwa nchi kavu, nikapiga ribiti kuzunguka kitako kisichomoke. Kazi safi. Kizibo kilifungwa kutoka nje, chini, kwa spana namba kumi na saba, sawasawa na kile cha kumwagia oili ya injini. Nilikisugua kikang'aa.

Jumatano mzee alikuja kukiona. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akalala chali chini ya mashua iliyokuwa juu ya magogo, akatazama. Kisha akaanza kucheka, tumbo likipanda na kushuka.

"Mwanangu, hiki kikilegea tukiwa katikati ya bwawa, nani atapiga mbizi na spana?"

Nilikuwa nimetengeneza lori. Lori likivuja unaliegesha kando ya barabara, unaingia chini yake, unakaza. Sikuwahi kufikiri kwamba mashua haina kando ya barabara. Mafundi wenzangu walicheka kuliko mzee mwenyewe, na mmoja akaniuliza kama toroli yangu ya zamani bado ina gurudumu. Niliumia, siwezi kuficha. Lakini kosa moja haliachi mke, nikarudi kwenye makaa.

Safari hii nilikifanya kiingie kwa ndani, na juu yake nikakipa mabawa mawili ya kushika kwa vidole, ili hata mtu mwenye mikono yenye tope aweze kukizungusha bila kifaa chochote. Ikabaki cha kuzuia maji yasipenye. Mpira wa matairi nilioujaribu ulijikunja. Hapo ndipo Usukuma wangu uliponifaa: nikakata pete ya ngozi ya ng'ombe, ngozi ya shingo iliyo nene, nikailoweka katika samli ya moto hadi ikanywa vya kutosha. Ngozi ya namna hiyo ikikutana na maji hufura na kuziba, wala haikakamai. Mtu wa ziwani asingeijua, na Mzungu pia.

Jumamosi bwana mkubwa alisimama ukingoni, mikono kiunoni. Mzee alishika kasia, lakini hakupanda.

"Kwetu," akasema, "aliyeutia mtumbwi chuma hutangulia kuukalia. Ingia, mwanangu."

Nikaingia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimevua mbele ya karakana nzima. Mzee akafuata, akapiga makasia mpaka watu wa ukingoni wakawa wadogo. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nikaanza kutabasamu.

Mzee akaacha kasia. Akainama, akashika mabawa, akakifungua kizibo changu na kukitoa. Maji yakaruka juu kama mkono wa mtu. Akaninyooshea kizibo bila haraka yoyote.

"Rudisha."

Nilipiga magoti. Maji yalinipiga usoni, yakajaza viatu, na mara ya kwanza meno ya kizibo yakakataa kushikana. Nikasikia mashua ikizidi kuwa nzito chini yangu. Nikafumba macho, kwa kuwa macho yalikuwa yananidanganya, nikaacha vidole vitafute. Vilikuwa vimechonga kila jino la kile kizibo. Kikashika. Nikazungusha, nikazungusha, maji yakakatika. Ngozi ikakaa kimya.

Mzee alitazama pale chini muda mrefu, akatia kidole kuzunguka, akakilamba kama anayeonja mboga. Ndipo akashika kasia tena na kuturudisha. Tulipofika ukingoni alimwambia bwana mkubwa neno moja tu: "Napanda." Bwana akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kula. Toroli sikuigusa tena maisha yangu yote.

Tukabaki wawili tukiivuta mashua nchi kavu, nguo zangu zikichuruzika.

"Unaogelea vizuri?" akaniuliza.

"Yaya, mzee," nikakataa kwa Kisukuma. "Sijui kabisa."

Akasimama, kamba mkononi. "Hujui? Na ulipoona maji yanaingia hukunililia nikurudishe ukingoni?"

"Kizibo nilikitengeneza mimi," nikamwambia. "Ningekulilia nini wewe?"