Mlango wa Uongo Jikoni kwa Hajjia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Industrial Area, Doha, sikupewa randa wala msumeno. Msimamizi wetu, mtu wa Kisauni mwenye maneno makali, alinipa kioo kidogo. Akaniambia nikisimamishe katikati ya mchoro wa jiko. Nusu inayoonekana kiooni isipofanana na ile iliyo nyuma yake, nirudi kwetu nikachonge vitanda.

Ndiyo kazi ya klasiki mamboleo hiyo, jiko linaloiga majumba ya kale ya Warumi. Kila kitu kina mwenzake: nguzo bapa za kubandika huku na huku, taji la mbao juu ya makabati, marumaru nyeupe katikati. Nyinyi vijana wa kompyuta mnachora kwa kubonyeza tu. Sisi tukikuta mlango wa stoo kushoto, tuliunda mwingine kulia, hata kama nyuma yake ni ukuta mtupu. Tuliuita mlango wa uongo. Unakazwa ukutani kwa skrubu nane, basi.

Jiko nisilolisahau ni la Hajjia, mjane mmoja wa hapo Doha. Wakati huo mke wangu Rehema alikuwa anaumwa sana Kitale, na msimamizi aliniahidi likizo siku nitakayokabidhi jiko hilo. Nilifanya kazi kama punda. Skrubu zote nane za mlango wake wa uongo nilizikaza mwenyewe.

Asubuhi yake tulikuta mlango umeegemezwa ukutani. Skrubu zilikuwa juu ya marumaru, nne huku na nne huku, zimepangwa vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi. Msimamizi alinifokea kwamba akili yangu imeshapanda ndege. Nikakaza upya yeye akitazama, akafunga jiko, akaondoka na ufunguo. Kesho yake tukakuta vile vile. Msimamizi alisema bismillahi, akatoka nje kuvuta sigara, na hakunifokea tena.

Tulipokaza mara ya tatu, Hajjia aliingia. Kwa Kiarabu cha polepole ili nimwelewe, alieleza kwamba pale tulipokaza zamani palikuwa na mlango wa kweli. Marehemu mumewe alipenda kupitia hapo akitoka msikitini, aulize kumepikwa nini. Alipofariki, wanawe wakauziba kwa matofali.

"Usimfungie, fundi," aliniambia. "Weka bawaba."

Msimamizi alipinga, akisema bawaba mbele ya ukuta ni upuuzi. Niliziweka, nikachonga upya na fremu, na hakuna kilichong'oka tena. Ila mara mbili, nikisugua marumaru baada ya adhuhuri, nilisikia bawaba zikilia taratibu nyuma yangu. Sikugeuka.

Siku hizo zote zililiwa na mlango ule. Rehema alifariki Alhamisi. Jiko nilikabidhi Jumamosi. Inaniuma hadi leo.

Sasa nimestaafu, niko Kitale. Vijana huja kuuliza siri ya klasiki mamboleo, nami huwapa kile kioo. Wakiingia jikoni kwa Rehema hucheka, eti mzee kaweka mlango palipo ukuta. Wacha wacheke. Sikuukaza. Bawaba zake nazipaka mafuta kila Ijumaa, na asubuhi nateleka chai ya watu wawili, nakaa nikiutazama. Bado haujafunguka.