Mtu Mmoja kwa Kila Simu

Mimi huandikia mashine. Watu wakiniuliza kazi yangu nawajibu hivyo, na wakicheka nawaacha wacheke. Zamani niliandika maelezo ya matumizi ya programu kwa binadamu: bonyeza hapa, ngoja, sasa fungua. Mtu akikwama alinipigia akanitukana, nami nikamtukana kimoyomoyo, yakaisha. Siku hizi msomaji wangu ni wakala wa akili bandia, programu inayotumwa kazi ikaenda kuifanya bila msimamizi. Hachoki, hatukani, hanywi chai. Mungu anisamehe, nawatamani wale wa matusi.

Mwaka huo mama yangu alikuwa akingojea kupasuliwa macho. Ni mshonaji wa kofia, na presha ya macho ilikuwa imemwanza kwa kiwi, kisha kwa kujigonga milangoni. Zahanati ya hisani huko Tononoka ilimpima, ikamwandikisha amngojee daktari bingwa wa kutoka ng'ambo. Walimwambia wazi: ugonjwa huu haungoji, jicho likizimika halirudi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliandikishwa siku moja naye, kwa makengeza. Kila asubuhi Mama aliuliza kutoka orofa ya chini, "Hawajapiga?"

Aliniuliza mimi kwa kuwa simu ni yangu. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina kuta za mawe nene mno, mtandao haupiti. Unashika juu kabisa tu, ninakokaa mimi. Kwa hivyo skulini, hospitalini, kwa fundi, kila mtu wa nyumba hii akiulizwa simu hutoa yangu. Mtu akitakwa, nasimama kwenye ngazi napiga ukelele. Majirani nao ni vivyo hivyo, kila nyumba na simu yake moja ya kutegemewa.

Kazini nilikuwa naandikia programu ya kutoa orodha. Mahali, tuseme hospitali au skuli, pana kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Wakala anauliza swali, programu inazipekua, inamtolea majibu kwenye faili, tayari kutumiwa. Lakini ilikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Ikikuta nambari moja ya simu mara kadhaa, ilimshika mtu wa kwanza na kuwatupa waliobaki, ikidhani ni yule yule kaandikwa tena. Ilifanya hivyo bila kuambiwa. Huenda huko ilikotungwa hata paka ana simu yake.

Nikaandika aya nzima ya onyo. Usiwahesabu watu kwa simu, nilimwambia wakala, simu moja huenda ni ya nyumba nzima. Zima tabia hiyo kabla ya kutoa orodha. Bosi wangu, mtu mpole mno, aliisoma ofisini kwake Kizingo, akaifuta.

"Dada yangu, wakala husoma maelezo yote upya kila anapotumwa, na kila neno tunalilipia. Hiyo ni aya ndefu kwa jambo dogo."

"Si dogo!"

"Ni la mtaa mmoja tu."

"Basi huo mtaa ndio wangu!"

Nikarudi mezani kwa hasira. Nikaifupisha, akaifuta. Nikaifanya sentensi moja, akaifuta pia, akaniomba nisione vibaya. Maelezo yakatoka mafupi, yamenyooka, kila mtu akayasifu.

Sikujua kwamba ile zahanati ilikuwa mmoja wa wateja wetu. Nilijua siku ujumbe ulipoingia wa kumwita mpwa wangu kwa daktari bingwa, mwishoni mwake jina la programu yetu. Chini vilisikika vigelegele. Nami nilingojea wa Mama, nikala simu ikiwa mbele ya sahani, nikaswali simu ikiwa pembeni ya msala. Haukuja. Ndipo nikaelewa: simu yao ni moja, programu imemshika mtoto, imemtupa Mama.

Nilimtia Mama kwenye tuktuk tukaenda Tononoka. Dada wa mapokezi alikuwa mwema, alinishika mkono. Orodha si wao tena wanaoitengeneza, alisema, ni wakala. Nafasi zimejaa, na bingwa anaondoka. Labda nimwandikie wakala mwenyewe. Nikakaa kwenye benchi nikamwandikia kila kitu, jina la Mama, ugonjwa wake, simu ya nyumba. Akajibu papo hapo, kwa Kiswahili fasaha kunishinda: mgonjwa wa nambari hii ameshapangiwa, na je, kuna jambo jingine angeweza kunisaidia?

"Asemaje?" Mama akauliza.

"Asema tungoje."

"Mwambie sina macho ya kungojea. Kwani huyo hana mamake?"

Dada yangu, aliposikia, alitaka nafasi ya mwanawe apewe Mama. Mama alikataa katakata. Mtoto atachekwa skulini, alisema, yeye keshaona ya kutosha. Tulibishana hadi dada akalia, na hata hivyo zahanati ilisema nafasi haihamishwi bila wakala kuibadilisha, na wakala alikuwa na jibu lake lile lile.

Bosi alinipa pole ya dhati, akaniambia niirudishe aya yangu. Niliirudisha. Iko pale mpaka leo, na sijui imemfaa nani. Sina hasira naye tena, sina chochote, naandika tu.

Mpwa wangu alipofunguliwa bandeji aliingia mbio kumwonyesha nyanya yake. Mama alimshika mabega, akamgeuza taratibu, akamtazama muda mrefu. "Mashallah," akasema, "yamenyooka kama ya mamako." Mtoto akacheka. Lakini Mama alikuwa amemgeuza hadi kisogo kikamwelekea, anakisifu kisogo. Mtoto aligeuka mwenyewe pole pole, akauweka uso wake mikononi mwa nyanya.