Hindi la Bondeni na Hindi la Kwenye Mawe

Juzi nilikuwa kwenye duka la pembejeo pale Itumba nikitafuta dawa ya viwavi, wakaingia mume na mke wanabishana. Kila mmoja alishika hindi kavu la mbegu yao ya kienyeji, na kila mmoja alitaka mbegu ya msimu huu itokane na la kwake. Msimu uliopita mvua ilikatika mapema, kwa hiyo safari hii hawakutaka kukosea.

La mume lilikuwa refu, limejaa punje mpaka nchani. Akalilaza mezani taratibu, kama mtoto aliyesinzia.

"Mbegu ndiyo hii. Hata kipofu anaona."

La mke lilikuwa fupi, limefichika kiganjani.

Mama muuzaji akamuuliza mume, "Limeota wapi, baba?"

"Bondeni, kando ya mfereji."

"Na lako, mama?"

"Juu kwenye mawe. Mengi yaliyokuwa jirani yake yalikauka."

Muuzaji akalisukuma lile refu kwa kidole, likarudi kwa mwenyewe. "Hili limenenepeshwa na maji. Kiu halijawahi kuiona, utajuaje kama linaivumilia? Uvumilivu uko kwenye vinasaba, na vinasaba havipimwi kwa urefu. Katafuteni mengine yaliyopona huko huko juu, mchanganye na hili fupi."

Mume akalitazama hindi lake.

"Hilo tutalila ugali," mkewe akamwambia kwa upole.

Wateja tulicheka, ila mimi nilicheka nusu. Maisha yangu yote watu wananisifia uvumilivu, na kwetu mfereji ulipita nyuma ya jiko.